Prizi ya Chumba cha Mama

Gishe ya kuhudumia wateja wa kampuni ya internet, kule mtaa wa Himbi, ilikuwa imejaa tangu asubuhi. Watu walisimama mpaka nje kwenye ngazi, wamama na makaratasi mikononi, vijana na modemu zao chini ya kwapa kama kuku wa kuuza. Ndani kulikuwa joto la watu na harufu ya sabuni ya kuosha chini. Mutu mmoja akisukuma, wote wanasogea. Aziza alishika namba quarante-sept, arobaini na saba. Aliyekuwa anasikilizwa ni trente-neuf, thelathini na tisa, tena muzee wa maneno mingi.

Aziza alivaa kitenge cha buluu nzito, blauzi ya mikono mirefu na kitambaa cheusi kichwani, maana kwao kulikuwa matanga. Hakuwa musichana wa kelele. Akikaa mahali anatazama, na akitazama kitu anakitazama mpaka mwisho. Zamu yake ilipofika alikuwa tayari anajua kwamba Apolline, mama wa gishe, anagonga kucha zake nyekundu juu ya meza kila anapotaka kusema hapana.

Apolline aligonga kucha.

"Dosie ya ombi lako imefungwa, sheri wangu. Uliomba modemu ihame kutoka salon ya kupokea wageni kwenda chumba cha nyuma. Fundi alikuja mercredi, Jumatano."

"Imefungwa namna gani? Modemu iko palepale."

"Hapa imeandikwa: client amekataa."

"Client ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi nimekataa? Mama, mimi ndiye niliyeomba. Nitaomba kitu halafu nikikatae?"

"Mimi nasoma tu. Sikuandika."

Nyuma yake mutu akacheka. Aziza akageuka. Kijana wa kampuni, jile ya manjano ya kazi juu ya shati, rola ya waya begani, ngazi mukononi, vumbi jeusi la mawe mpaka kwenye kope.

"Unacheka nini?"

"Nisamehe, dada. Sikucheki wewe, nacheka karatasi. Hata mimi siku moja, kwa commune, kule serikalini, walikuwa wameandika nimekufa."

"Ukafanya aje?"

"Nikaenda kuwaonyesha maiti."

Aziza akauma mudomo asicheke. Hakutaka kucheka siku ile. Alikuwa amekuja pale mara tatu ndani ya siku kumi, na kila mara alirudi na karatasi mupya na modemu ileile salon.

"Naitwa Kitwana," kijana akasema. "Apolline, fungua ile dosie upya, iandike kwangu. Kesho saa tatu niko kwao."

"Kesho ya kweli ao kesho ya kampuni?" Aziza akauliza.

"Kesho yangu."

Baba yake Aziza alifariki miezi mitatu nyuma. Tangu siku hiyo mama yake alikuwa kwenye eda, miezi mine na siku kumi za mujane: nguo nyeupe, chumba cha nyuma, haonani na mwanaume asiye wa damu yake. Shangazi Fatuma, dada mukubwa wa marehemu, alihamia pale kulinda hiyo eda, na aliilinda kama askari anavyolinda bariere ya barabara. Neno la familia sasa lilikuwa kwa Baba mudogo Idrissa, ndugu ya marehemu, anayekaa Kindu. Ndege haziruki, barabara ni ya hatari, hata mazishi hakufika. Lakini alikuwa ametuma ujumbe. Kule Kindu kuna muchuuzi wa vipuri vya pikipiki anamutaka Aziza.

"Nataka kuongea na shemeji kwa video," Idrissa alisema. "Nimuone macho. Kila mutu ananipigia anasema kwa kinywa chake, sijui nani ni mukweli. Yeye mwenyewe akisema hataki, naacha. Asiposema kitu, napokea watu wa mahari."

Aziza hakutaka muchuuzi, hakutaka Kindu. Mama yake pia hakutaka. Lakini mtandao wa simu peke yake haukubeba picha, modemu ilikuwa salon, na salon walikaa wanaume wa kutoa pole kutwa nzima. Ukuta wa mawe ya volkano kati ya salon na chumba cha nyuma ulikuwa munene hivi kwamba kwenye simu ya Mama sura ya mutu ilikuja nusu paji la uso, nusu ukungu. Aziza alishanunua waya murefu kule madukani Birere, mita vingt, ishirini, akauvuta kwa koridori. Taa ya modemu ikawa nyekundu. Zamani nyumba hii ilikuwa biro, ofisi ya shirika fulani, ndio maana ilikuwa na prizi za kuchomeka simu ukutani kwenye vyumba vitatu, na moja ilikuwa chumba cha Mama. Kutoa modemu kwa prizi hii kuiweka kwa prizi ile. Kazi ya dakika kumi, walimwambia.

Kesho yake saa tatu Kitwana alifika kweli. Alikuwa amenawa uso. Shangazi Fatuma alikuwa anamungoja katikati ya koridori, mikono kiunoni, kanga mbili juu ya gauni, hapiti hata paka.

"Asalaam aleikum, Mama."

"Aleikum salaam. Unaenda wapi na hiyo ngazi?"

"Kwa prizi."

"Prizi iko kwa chumba ya mwenye eda. Hupiti."

"Na yule fundi wa mercredi mulimwambia vile?"

"Vilevile. Akaandika karatasi yake, akaenda."

Kitwana akamutazama Aziza. Sasa wote wawili walielewa nani alikuwa amekataa.

"Shangazi," Aziza akasema polepole, "Mama anaweza kukaa chumbani kwangu nusu saa tu..."

"Hatatoka kwa ile chumba. Amekaa siku quatre-vingt-dix, siku tisini, aje kuharibu kwa sababu ya waya?"

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Mama ikasikika, chini, imechoka: "Mwacheni Shangazi. Niliahidi sitavuka pazia, sitavuka."

Kitwana hakubishana. Alitoka nje, akaweka ngazi chini, akakaa juu ya bidoni, dumu la maji, katikati ya uwanja wa parsele. Simu ya Aziza ikalia; namba yake ilikuwa kwenye dosie.

"Allo? Dada Aziza? Niko mita sita na wewe, lakini tufanye kama niko Kinshasa. Ingia kwa Mama. Weka simu kwa sauti kubwa. Prizi iko wapi?"

"Nyuma ya kabati."

"Sogeza kabati."

Kabati lilikuwa la baba. Makoti yake yalikuwa bado ndani. Mama alishuka kitandani, akayatoa moja moja akayalaza juu ya shuka bila kuyakunja, na Kitwana huko nje akangoja bila kuuliza kwa nini wamekawia. Nyuma ya kabati kulikuwa na kibati cheupe cha prizi kilichopakwa rangi ya ukuta mara mbili ao tatu. Aziza alikwangua rangi kwa kisu, akafungua visi, skrubu ndogo, kwa turunevisi ambayo Kitwana aliipitisha chini ya mulango wa nje.

"Nyaya ngapi?"

"Ine. Mbili ni za kijani."

"Kijani ya kuzaliwa ao ya kutu?"

"Nikikwangua inatoka."

"Ni kutu hiyo. Zikwangue na wembe mpaka uone rangi ya pete ya shaba. Polepole. Usikate, zikikatika tunaanza maisha upya."

Alikwangua. Akakaza. Akaleta modemu, akachomeka kile kidude cheupe kinachokaa kati ya prizi na modemu.

"Taa ya kwanza imewaka."

"Ya pili?"

"Inapepesa."

"Inapepesa namna gani?"

"Kama mutu anayezuia machozi."

"Ngojea."

"Nimengojea."

"Ngojea tena."

Ikawa nyekundu. Walirudia mara tano. Saa sita Kitwana alijaza fishi yake, karatasi ya ripoti ya kazi, juu ya goti, akasema kesho ataleta kidude kingine. Kesho yake umeme haukuwepo. Lundi, Jumatatu, kidude alicholeta kilikuwa si chenyewe. Wiki iliyofuata walikuta panya wamekula waya darini, juu ya koridori, na ilibidi Kitwana apande huko kwenye joto la mabati huku Shangazi Fatuma ameshika ngazi chini na kumuuliza ukoo wake mpaka babu wa tatu. Taa ikashika dakika tano, ikaanguka. Ikashika kumi na mbili, ikaanguka. Aziza alianza kuichukia ile taa kama mutu.

Lakini simu iliendelea. Mwanzo ilikuwa ya kazi.

"Habari ya taa?"

"Imelala."

"Na mwenye taa?"

"Mwenye taa amekasirika."

"Nimuletee nini?"

"Muletee connexion."

"Hiyo tu ndiyo sina. Vingine vyote ninavyo."

"Kama nini?"

"Nina mandazi ya mtaa wa Katindo, moto. Niko kwa mulango wenu. Mutume Shangazi aje achukue, najua wewe hutatoka."

Aziza alitoka. Alikuwa amevaa kitambaa kile kile cheusi lakini amekifunga vingine, kimeacha masikio wazi, na Kitwana aliona, na Aziza aliona kwamba ameona.

Kila jioni, kabla ya magharibi, alikuwa anapiga. Aziza anakaa chini kwenye chumba cha Mama, mgongo kwenye kabati, simu juu ya goti, ikiongea kwa sauti kubwa maana mikono yake iko kwenye nyaya. Hakukumbuka kila mara kuipunguza sauti kazi ilipoisha. Mama alikuwa kitandani na tasbihi yake.

"Huyu mutu hakasirikagi?" Mama akauliza siku moja.

"Nani?"

"Wa taa. Leo umemujibu vibaya tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi ningekata simu."

"Amezoea wateja wenye hasira, Mama."

"Hm," Mama akasema, akageukia ukuta.

Vendredi moja, Ijumaa, baada ya swala, taa ya pili iliacha kupepesa. Aziza hakusema kitu. Alihesabu pumzi zake. Dakika kumi. Nusu saa. Saa nzima.

"Kitwana. Imekaa."

"Usinidanganye, roho yangu, niko juu ya ngazi."

"Imekaa, nakuambia! Zote tatu!"

Huko nje bidoni ilianguka. Shangazi Fatuma aliuliza nani amekufa. Waliandikia Kindu palepale, na Baba mudogo Idrissa akajibu: yuko safarini, kesho seize heures juste, saa kumi kamili jioni, atapiga, shemeji awe tayari.

"Eda ikiisha," Kitwana alisema kwenye simu, na mara hii hakutania, "baba yangu atakuja kubisha hodi kwenu. Wewe unasemaje?"

"Kwanza kesho."

"Sawa. Kwanza kesho."

Akajaza fishi yake juu ya bidoni, akaenda.

Samedi, Jumamosi, Aziza alimuvika mama yake mutandio uliopigwa pasi, akaegemeza simu kwenye glasi, akafungua dirisha ili mwanga uangukie uso. Saa tisa na nusu taa zilikuwa tatu. Saa tisa na dakika arobaini ilikuwa nyekundu moja.

Alichomoa, akachomeka. Akakaza nyaya. Akangojea, akangojea tena. Mwishowe akapigia gishe.

"Laini yako imekatwa," Apolline akasema. Kucha zilisikika kwenye simu zikigonga. "Mashini yenyewe imekata. Client akikataa fundi mara tatu, ni sheria."

"Mara tatu zipi?"

"Ya kwanza ni ile ya mercredi. Ya pili ni siku fundi wa pili alipofika kwenu mara ya kwanza. Ya tatu ni jana."

"Jana ilifanya kazi! Nani aliandika jana?"

Kucha ziliacha kugonga. "Kitwana. Zote mbili ni Kitwana."

Aziza alimupigia akiwa amesimama.

"Jana uliandika nimekataa?"

"Aziza, ngoja nikueleze..."

"Uliandika ao hukuandika?"

"Niliandika. Lakini..."

Akakata. Alikumbuka ile "kwanza kesho", akaona haya mpaka shingoni. Mwezi muzima mutu anamwambia kwangua, kaza, ngojea, na huku anaandika kwamba yeye ndiye anayekataa. Alikuwa anacheka na nani huko kwa kampuni?

Saa kumi juste simu ya Shangazi Fatuma ikalia salon. Simu ya kawaida, bila sura.

"Hawako tayari," Shangazi akasema. "Shemeji yako ananyamaza tu. Mimi naona hana pingamizi."

"Basi nimeelewa," Idrissa akajibu. "Mardi, Jumanne, saa nane mchana, napokea watu."

Dimanche, Jumapili, Kitwana alipiga mpaka betri ya Aziza ikaisha, naye hakuichaji. Lundi asubuhi akafika mwenyewe, bila jile ya manjano, shati la kawaida lililofuliwa haraka, kola haijakauka.

"Leo huna hata ngazi," Shangazi Fatuma akamwambia. "Rudi."

Ndipo kibao cha dirisha la nyuma kikagongwa kutoka ndani mara mbili.

"Wewe wa taa," sauti ya Mama ikasema. "Njoo karibu na dirisha. Usifungue. Sema kutoka hapo."

Shangazi alichungulia koridori. Mama alikuwa hajavuka pazia.

Kitwana alisimama karibu na kibao cha mbao kama mutu anayeongea na ukuta. "Mama, sheria ya kampuni ni hii. Client akifungua prizi kwa mikono yake, wanamufuta kabisa, na fundi aliyemuonyesha anafukuzwa. Kama mara zote mbili ningeandika kweli, wangewafuta. Ningeandika nimefanya mimi, shefu angetuma mutu kukagua, na Shangazi angemwambia hakuna mwanaume aliyeingia chumba kile. Kwa hiyo niliandika kile ambacho yule wa kwanza aliandika, ili wasije kutazama. Sikujua mashini inahesabu. Naapa sikujua."

"Na sasa?"

"Leo asubuhi nimemwambia shefu ukweli wote, ili laini ifunguliwe. Amenisimamisha siku kumi na tano. Laini atafungua mwisho wa mwezi."

"Kesho ndiyo mardi," Mama akasema.

"Najua, Mama."

Aziza alikuwa amesikia yote kutoka pembeni mwa kabati. Alitoka nje. Kitwana alipomuona akashusha mikono.

"Ungeniambia," Aziza akasema.

"Ungeogopa kugusa nyaya."

"Usinichagulie uoga wangu. Shangazi anasema kwa kinywa ya Mama. Baba mudogo anataka kunioza kwa kinywa yake. Na wewe, wewe niliyekuwa nakungojea kila jioni kama mujinga, umechukua kalamu ukaniandikia neno ambalo sikusema. Mara mbili."

"Nimekosa."

"Ndiyo. Umekosa. Enda."

Alienda. Hakugeuka, na hilo pia lilimukasirisha Aziza. Aliingia jikoni akaosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Kati yao kulikuwa na sahani sita za bati za jirani, Mama Émérance wa Rutshuru, alizowaazima siku za matanga na hakuna aliyezirudisha. Akazichukua, maana akibaki ndani atamujibu Shangazi vibaya.

Mama Émérance alikuwa anachambua maharagi kwenye jiko lake. Kati ya jiko hilo na dirisha la Mama kulikuwa na ua wa miti na hatua ine, si zaidi. Alipokea sahani, akatoa pole tena, akauliza habari ya mujane. Aziza hakusikia vizuri. Alikuwa anatazama ukuta nyuma ya sufuria. Kule, juu kidogo ya mufuko wa chumvi, kulikuwa na kibati cheupe cha mraba.

"Mama Émérance. Ile ni nini?"

"Ile? Ni ya simu ya zamani. Nyumba zetu zilijengwa na mutu mmoja."

"Na internet munayo?"

"Ya vijana wangu. Iko salon, wanaangalia mupira."

Aziza aliketi juu ya kigoda. Ilimubidi aseme mambo ya ndani ya familia mbele ya mutu wa nje, na kwao hilo halikuwa jambo dogo. Alisema yote, Kindu, muchuuzi, eda, taa. Mama Émérance aliacha maharagi.

"Unataka nihamishe modemu yangu ije jikoni? Itakufa na moshi!"

"Saa moja tu. Kesho asubuhi. Hatufungui prizi, hatugusi waya. Kuchomoa na kuchomeka, hakuna sheria inayokataza."

"Na ikikataa kurudi salon? Vijana wangu wataniua, kesho kuna mechi."

"Nitairudisha kwa mikono yangu."

Mama Émérance alimutazama. "Mutoto mupole kama wewe," akasema, "leo unasema kama huissier wa mahakama. Sawa. Uje saa nne, kabla sijawasha makala ya kupikia."

Mardi saa nne Aziza alichomoa modemu ya jirani salon, na kile kidude chake cheupe, asikisahau, akapita nayo koridori kama anabeba mutoto. Alipangusa prizi ya jikoni na pembe ya kitenge. Akachomeka kidude kwanza, kisha waya, kisha umeme. Taa ya kwanza. Ya pili ikapepesa. Akangojea. Dakika mbili hazijaisha, ikakaa. Ya tatu ikafuata.

Aziza alilia pale pale, kwa hasira. Mwezi muzima wa kutu, panya na wembe, na hapa dakika mbili. Na mikono iliyojua kipi kinatangulia kipi, ilifundishwa na yule aliyemwambia jana aende.

"Imeharibika?" Mama Émérance akauliza kwa woga.

"Hapana, Mama. Inafanya kazi."

Mama alifungua dirisha nusu. Simu ikashika vistari vyote. Wakapiga Kindu. Hakujibu. Wakapiga tena. Akakata. Saa tano wakapiga, akakata. Shangazi Fatuma alisimama nje ya pazia. "Mwacheni mutu, anapokea wageni leo." Hakuna aliyemujibu. Saa tano na nusu sura ya Baba mudogo Idrissa ikatokea, nzima, kofia ya darizi, nyuma yake watu wanapanga viti.

"Shemeji!" akasema, akasogeza uso karibu na simu. Hakuwa amemuona tangu ndugu yake afe. "Shemeji, umekonda hivi?"

Wote wawili walilia kwanza. Aziza alitazama kona ya simu, betri, vistari. Kisha Mama akapangusa uso.

"Idrissa, nitazame vizuri. Binti yangu hataki Kindu. Na mimi sitaki. Nimesema mimi, hakuna mutu nyuma yangu."

"Mbona samedi ulinyamaza?"

"Samedi laini ilikatwa. Waliokuambia nimenyamaza hawakuniuliza."

Nje ya pazia, Shangazi Fatuma alikohoa.

"Watu wako njiani, shemeji. Nitawaambia nini? Kuna mwingine?"

Mama akamutazama Aziza, akarudisha macho kwenye simu. "Yupo. Kijana wa hapa, wa hizi nyaya."

"Umemuona?"

"Sijamuona hata siku moja. Nimemusikia."

"Unataka kumuoza mutoto kwa mutu ambaye hujamuona sura?"

"Na wewe unataka kumuoza kwa mutu ambaye hata sauti yake sijui. Huyu nimemusikia akikosa kazi ileile mara ishirini na hajamutukana mwanangu hata mara moja. Mume wangu, Mungu amurehemu, kwa msumari mmoja tu uliopinda alikuwa anatukana nyumba nzima. Unamujua ndugu yako."

Idrissa alicheka bila kutaka, akafunika kinywa. Mutu nyuma yake aliuliza viti viwe vingapi. Aliinua mukono, wangoje.

"Sijakubali," akasema mwishoni. "Usiseme nimekubali. Hawa wa leo nitawapa chakula na kuwarudisha na heshima. Huyo wako, eda ikiisha, wazee wake waende kwa imamu wa musikiti wenu, nitamupa wakala asikilize kwa niaba yangu. Na awe na kazi. Lakini kwanza nataka kusikia kinywa cha Aziza, si chako."

"Sitaki Kindu, Baba mudogo," Aziza akasema. Alisogea mpaka uso wake ukajaa simu.

"Na huyo wa nyaya, unamutaka?"

"Bado sijamujibu yeye mwenyewe. Nitamujibu kwanza, kisha nikuambie."

"Ah," Idrissa akasema. "Sawa. Hiyo ni haki yake."

Aziza alirudisha modemu salon kwa Mama Émérance, akangoja taa tatu zishike mbele ya vijana wa mupira, akashukuru. Kisha akasimama kando ya ua na kupiga.

"Uko wapi?"

"Kwa kona ya avenyu yenu," Kitwana akajibu haraka, kama alikuwa ameshika simu mukononi.

"Unafanya nini hapo?"

"Uliniambia niende. Nilienda. Hakukuwa na mahali pengine pa kwenda."

"Baba mudogo amewarudisha wale watu."

Pikipiki ilipita upande wake na kupita tena upande wa Aziza.

"Amenikubali?"

"Hajakubali. Amesema atangojea. Na uwe na kazi."

"Na wewe, Aziza? Wewe unasemaje?"

"Hiyo sisemi kwa simu. Njoo hapa."

Alikuja kwa miguu, karibu mbio, shati lile lile la jana, na akasimama mbele ya mulango wa parsele hatua moja kabla ya kizingiti, kama alivyozoea. Aziza akatoka mpaka nje. Hakukuwa na koridori kati yao, wala pazia, wala ngazi ya kushika.

"Siku nyingine ukitaka kunilinda," akasema, "uniulize kwanza."

"Nitakuuliza."

"Hata kama saa imekwisha. Hata kama shefu anangoja."

"Nitakuuliza, mupenzi. Nakuuliza sasa. Utaolewa na mimi?"

Aziza alimutazama polepole, kama alivyotazama kila kitu: kope, kola iliyokauka vibaya, mikono iliyochubuka na mabati ya dari. Alichukua muda wake wote, naye Kitwana akamwachia.

"Nimekubali," akasema. "Lakini Shangazi utamwambia wewe."

Ndani ya mulango, karibu kabisa, Shangazi Fatuma alikuwa amesimama na kanga zake mbili.

"Asiniambie kitu, nimesikia," akasema. "Na aingie, basi. Mutu gani anaposa njiani, watu wote wa Himbi wanatazama?"